Una laki nne na unataka baiskeli ya mlimani? Achana na springi ya nyuma

Mwaka jana nilinunua baiskeli mpya: nyeusi yenye mistari ya kijani, shokapu mbele na nyuma, breki za diski magurudumu yote mawili, gia 21. Haikutimiza miezi miwili nikawa naikokota kandokando ya barabara ya Pongwe kama mbuzi aliyegoma kwenda mnadani. Bolti inayoshika mkono wa nyuma ilikuwa imekatika, gurudumu limelalia upande, na pedeli ya kushoto imeshakula nyuzi za krenki, ule mkono unaoshika pedeli, kiasi cha kuchomoka kwa mkono. Duka silitaji. Kosa lilikuwa langu pia, maana nilinunua kwa macho.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: kama mfuko wako ni mdogo na unataka kutoka nje ya lami, tafuta baiskeli yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu tupu. Wenye mchezo wao huiita hadteili, yaani mkia mgumu. Itafute ya mtumba, tena iliyokuwa nzuri tangu ilipozaliwa.

Tanga yetu ni mji wa baiskeli, halihitaji shahidi. Simama asubuhi njia ya kuingilia Ngamiani umwone muuza samaki na tenga lake, seremala na msumeno begani, mtoto wa shule kwenye karia na mkoba mgongoni. Mji ni tambarare, Phoenix moja yenye gia moja inakupeleka popote kuanzia Raskazone mpaka Mikanjuni. Taabu inaanza lami ikiisha: njia za mashamba ya mkonge zenye vumbi jekundu na mashimo ya matrekta, vijia vya kuelekea mapango ya Amboni, halafu ile inayoniumiza roho mimi, kupanda kutoka Muheza kwenda Amani. Huko Phoenix inafika, lakini wewe unafika baadaye.

Sasa kwa nini nyuma pawe pagumu? Hesabu tu. Laki nne ni laki nne. Kiwanda kikitaka kukuwekea springi ya nyuma, viungo vyake, bushi zake na bolti zake kwa bei ileile, lazima kiibe mahali. Kitaiba kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, kwenye krenki, kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, kwenye kila kitu usichokiona ukiwa dukani. Springi yenyewe nayo haina mafuta ndani, ni chuma kilichosokotwa kama cha kitanda cha hospitali: ukikanyaga pedeli inabonyea, nusu ya jasho lako inaishia humo. Zipo za springi mbili zilizo nzuri, sikatai, ila bei yake ni ya pikipiki.

Na hii habari ya kuanza na chakavu haina aibu. Baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kwenye mitumba. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California, Marekani, walikuwa wanaokota baiskeli nzito za zamani za matairi manene na kushuka nazo mlimani kwa mashindano. Breki zilikuwa ndani ya haba ya nyuma, zile za kukanyaga kinyume, na mteremko mmoja ulizipasha moto mpaka grisi ikawa moshi. Ukifika chini unafungua haba, unajaza grisi upya. Ndiyo maana mashindano yale, yaliyoanza 1976, yakaitwa Repack, kufungasha upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Niliposimulia haya kwa fundi wangu wa Barabara ya 12, mzee ambaye vidole vyake havijawahi kutoka grisi kwa miaka nisiyoijua, alicheka sana. "Kwa hiyo wazungu nao walikuwa wanafungua haba barabarani? Basi hao ni mafundi."

Nilipopata pesa tena nikaenda kwenye uwanja wa baiskeli za Japani, zile zinazoshushwa kwenye kontena zimefungamana kama kaa kwenye kapu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lingeniokoa mapema. Niliona moja ya kuvutia, rangi ya fedha, fremu nene, matairi ya meno makubwa. Nikainama (cha mvunguni hicho) na chini ya bomba la siti nikakuta kibandiko cha Kijapani. Nikaelekeza kamera ya simu, programu ya kutafsiri ikasoma: ni marufuku kuendesha kwenye njia mbovu.

Nikamwonyesha muuzaji.

"Kaka, hiyo sheria ya Japani. Hapa Tanga."

Kumbe Wajapani wana jina kabisa la baiskeli hizo, ruku-sha, chombo cha sura. Imevaa nguo za mlimani lakini imetengenezwa kwenda stesheni na kurudi. Zimejaa kwenye kontena zetu, na zinauzwa kwa mtu wa Handeni kama chombo cha shamba. Ukiona kibandiko cha namna hiyo, shukuru kiwanda kwa ukweli wake, weka baiskeli chini, endelea kutafuta.

Niliyoinunua ilikuwa imeegemezwa nyuma kabisa, rangi ya bluu imepauka, haina siti. Aluminiamu, magurudumu inchi 26, fremu inchi 17 ambayo kwa urefu wangu wa sentimita 170 inanikaa vizuri. Muuzaji alianzia laki tatu. Kabla ya kufungua mdomo juu ya bei nilikaa nayo karibu saa nzima, na hapo naomba nikae kidogo, maana ndipo pesa inapookolewa au kupotea.

Kwanza fremu. Chukua kitambaa kibichi, futa vumbi nyuma ya pale usukani unapoingia, chini yake, na kuzunguka beringi za krenki. Unatafuta mstari mwembamba kwenye rangi au mkunjo mdogo kama wa ngozi ya kiwiko. Ukiuona kwenye aluminiamu, ondoka, usishawishiwe na habari za kuchomelea. Fremu ya chuma fundi yeyote wa mtaani anaiunga na inaendelea na maisha. Aluminiamu ilipewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea unauondoa palepale ilipoungwa. Inaonekana nzima mpaka siku utakayoruka tuta.

Pili, na hili ni la sisi watu wa pwani: mwambie muuzaji apandishe na kushusha bomba la siti. Asikwambie ataweka mafuta kesho. Hewa ya chumvi ikishaingia kati ya bomba na fremu, vinashikana kama mume na mke wa zamani, na nimeona fremu nzuri ikikatwa kwa msumeno kwa sababu hiyo tu. Yangu ilitoka kwa nyundo tatu za mpira. Nikaiona ni dalili njema.

Tatu, shokapu. Shika breki ya mbele, bonyeza usukani kwa uzito wote, achia ghafla. Ikikurudisha kwa kishindo kama godoro, ndani hamna cha kuituliza, ni springi tupu. Ikipanda taratibu, mafuta yapo yanafanya kazi. Pitisha kucha kwenye zile nguzo mbili zinazong'aa: kutu au mchubuko unaokwamisha kucha utakula sili, zile raba zinazozuia mafuta, na kuyamwaga yote. Nina msimamo ambao marafiki zangu hawaupendi: kama huwezi kupata shokapu nzuri, bora uma mkavu usio na springi kabisa, ufunge tairi nene upunguze upepo kidogo. Shokapu mbovu ni kilo mbili za bure.

Haba ya nyuma iangalie kuliko unavyoangalia gia. Kwenye baiskeli za bei ya chini sproketi zote zimesokotwa kwenye haba kama nati moja kubwa, na gololi za upande huo zinakaa ndani sana, mbali na mwisho wa ekseli. Ukipiga shimo, ekseli inapinda. Zilizo bora zina kaseti, yaani sproketi za kuchomekwa juu ya haba, gololi ziko nje karibu na fremu, ekseli inatulia. Namna ya kujua bila kufungua: zungusha gurudumu na utazame ncha ya ekseli, ikicheza duara, imeshapinda. Viwanda vinajua sisi tunaangalia nini, ndiyo maana mkono wa gia wa nyuma unaweza kukuta umeandikwa jina la heshima ilhali haba haina jina hata moja. Kwa Shimano, watengenezaji wa gia, mpangilio unaanza Tourney, kisha Altus, Acera, Alivio, Deore na kuendelea juu. Acera au Alivio ya zamani iliyotunzwa inatosha kabisa kwa njia zetu. Yangu ni Alivio, sproketi nane nyuma, tatu mbele.

Cheni ipime kwa rula ya shule. Pingili 24 za cheni mpya ni sentimita 30.5 hivi. Ikifika 30.7 imechoka na pengine imeshakula meno ya sproketi pia. Hiyo si sababu ya kuacha baiskeli, ni sababu ya kupunguziwa bei. Nilimwekea muuzaji rula mbele ya macho. Akaniuliza kama mimi ni mwalimu.

Sasa nije kwenye ubishi. Binamu yangu aliyeko Dar anasema inchi 26 imepitwa na wakati, siku hizi watu ni gurudumu la 29, linapita juu ya mashimo bila kuyasikia. Kweli. Nimeendesha lake, ni tamu. Lakini tairi la nyuma lilipochanika akiwa kwetu likizoni, tulizunguka Ngamiani yote mchana kutwa na mwisho likaja kwa basi kutoka Dar siku ya tatu. La 26 nalipata kwa miguu dakika kumi kutoka nyumbani, na tyubu yake anayo hata muuza mkaa. Mwenye pesa kidogo hanunui baiskeli peke yake, ananunua na vipuri vya miaka mitano mbele.

Kwa mantiki hiyohiyo sikuogopa breki za raba. Diski nzuri ya mafuta ni starehe, hasa kwenye tope. Diski ya bei ya chini inayovutwa na waya ni kelele tu, inapiga filimbi kutoka Makorora mpaka stendi. Raba zinakwisha, unabadilisha kwa elfu chache. Angalia tu ringi haijaliwa ikabonyea kama sahani. Mvua ikinyesha unaanza kushika mapema. Basi.

Tulimaliza kwa laki mbili na thelathini. Matairi mawili ya meno makubwa elfu hamsini, cheni elfu kumi na tano, waya zote elfu nane, raba elfu sita, gololi na grisi elfu tano, fundi elfu kumi na tano. Siti nilihamisha ile ya baiskeli nyeusi, kitu pekee kilichosalia kizima. Kofia ngumu ya mtumba elfu ishirini na tano, na usiniambie utanunua baadaye. Jumla inakuja laki tatu na hamsini na nne. Elfu arobaini na sita iliyobaki nikanunua pampu, tyubu mbili za akiba na funguo za pembe sita. Ningetumia laki nne yote kwenye baiskeli, ingekuwa imeegemea ukutani hadi leo ikisubiri mshahara.

Mzee alifungua haba zote mbili siku hiyohiyo, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazihesabu kwa sauti, akanionyesha mbili zilizokuwa na madoa. "Hizi ndizo zingekulaza porini." Akazitupa, akajaza grisi mpaka ikafurika, akafunga nati kwa kidole na macho amefumba, anasikiliza.

Jumapili mbili zilizopita nilifika Sigi, lilipo lango la msitu wa Amani, nikageuka kwa sababu ya mvua. Jumapili hii naenda mpaka juu. Mzee amesema anakuja na Phoenix yake. Nimemkumbusha kwamba ile ina gia moja na mimi nina 24.

"Hizo nyingine 23 utanibebea za kwangu," akasema, akaendelea kuziba pancha.