Medali za St. Louis 1904 na zile mbili za Moscow

Kila Olimpiki inapokaribia, lile jedwali la medali za nchi zote tangu mwaka 1896 huzuka tena mitandaoni. Marekani iko kileleni, sisi Tanzania tuko huko chini na fedha zetu mbili za Moscow 1980. Na hakosekani mtu wa kutuchokoza: hata hizo mbili mlizipata kwa sababu wenyewe hawakuwepo. Marekani ilisusia, Kenya ikasusia, Japani na Ujerumani Magharibi nazo zikabaki nyumbani. Henry Rono, Mkenya aliyekuwa anashikilia rekodi za dunia za mita 5,000 na za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, hakukanyaga Moscow. Na ni katika mbio hizo hizo Suleiman Nyambui na Filbert Bayi walivalishwa medali.

Haya, Rono hakuwepo. Lakini kama kukosekana kwa wengine kunapunguza uzito wa medali, basi hesabu ianzie kwa wenye nyingi. Ianzie St. Louis, 1904.

Michezo ile ilikuwa ifanyike Chicago, ikahamishiwa St. Louis ili iende sambamba na maonesho makubwa ya dunia yaliyokuwa yanafanyika mji huo. Kutoka Ulaya ilikuwa meli kuvuka Atlantiki, kisha treni hadi katikati ya Marekani, na wengi hawakujisumbua. Hata Pierre de Coubertin, mwasisi mwenyewe wa Olimpiki za kisasa, hakwenda. Kati ya wanamichezo wapatao 650, zaidi ya 500 walikuwa wenyeji. Mabondia wote walikuwa Wamarekani. Walenga shabaha kwa upinde wote walikuwa Wamarekani, wakiwemo wanawake sita, na hao sita ndio wanawake pekee walioshindana katika michezo ile yote.

Kinachonichekesha zaidi ni kuvuta kamba, mchezo tunaouona kila mwaka kwenye sherehe za Mei Mosi. Dhahabu ilikwenda kwa klabu ya Milwaukee, fedha na shaba zikaenda kwa timu mbili za St. Louis. Yaani mji mmoja ulishika nafasi ya pili na ya tatu ya dunia! Leo nchi haiwezi kuingiza timu tatu kwenye mpira wa kikapu ikazoa medali zote, ila zile tatu za kamba zimo kwenye jumla ya Marekani hadi kesho, pamoja na nyingine zaidi ya mia mbili za mwaka ule.

Halafu marathoni ya tarehe 30 Agosti. Joto kali, barabara ya vumbi, magari ya waamuzi na waandishi yanapita na kuwatimulia wakimbiaji, maji ya kunywa ya shida. Walianza 32, wakamaliza 14. Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Fred Lorz, akashangiliwa, kabla haijajulikana kuwa kipande kikubwa cha safari alipanda gari. Dhahabu akapewa Thomas Hicks, ambaye njiani wasaidizi wake walimnywesha strikinini, sumu ile ya panya, iliyochanganywa na ute wa yai, na brandi juu yake. Alifika akiyumba, karibu ya kubebwa. Wakati ule haikuwa kosa kwa sheria zilizokuwepo. Leo angefungiwa kabla hajavua viatu.

Katika mbio hizo hizo walikuwemo Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki, Len Taunyane na Jan Mashiani, Watswana kutoka Afrika Kusini. Hawakupelekwa St. Louis kukimbia. Walikuwa huko kwa ajili ya onyesho la Vita vya Makaburu kwenye maonesho yale, wakajiandikisha. Taunyane alimaliza wa tisa na Mashiani wa kumi na mbili, na inasimuliwa kuwa Taunyane alifukuzwa na mbwa hadi nje kabisa ya njia. Jedwali la medali halina nafasi ya wa tisa, hivyo wengi wetu tunaoshabikia marathoni hatujawahi hata kuyasikia majina yao.

Siwadharau walioshinda St. Louis. George Eyser alikuwa na mguu wa mti, akachukua medali sita za jimnastiki kwa siku moja, tatu zikiwa za dhahabu. George Poage alipata shaba mbili za kuruka viunzi, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Hao nawavulia kofia. Ninachokataa ni kuchukua jasho lao, kulijumlisha na kamba za klabu za mtaani, kisha kutuwekea jumla mbele kana kwamba ni kipimo cha nchi na nchi.

Na tukirudi nyuma hadi Athens 1896, hata hizo rangi za medali ni za kubandika. Pale hakuna aliyepewa dhahabu. Mshindi alipata medali ya fedha, tawi la mzeituni na cheti. Wa pili alipata medali ya shaba na tawi la mlaureli. Wa tatu hakupewa kitu. James Connolly, aliyeiacha Harvard akaenda kushinda mchezo wa miruko mitatu tarehe 6 Aprili na kuwa bingwa wa kwanza wa Olimpiki za kisasa, alirudi Boston na fedha. Dhahabu, fedha na shaba zilianza kutolewa St. Louis. Za Athens ziligawiwa kwenye karatasi miaka mingi baadaye na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Nchi nazo ni za kubandika. Edwin Flack, mhasibu aliyekuwa akifanya kazi London, alishinda mita 800 na 1,500, na ushindi wake umeandikwa Australia, nchi ambayo shirikisho lake lilizaliwa mwaka 1901. John Boland, Mwairishi aliyekuwa anasoma Oxford, alikwenda Athens kutazama michezo, rafiki yake Mgiriki akamwandikisha kwenye tenisi, akashinda. Kwenye wachezaji wawili wawili alicheza na Friedrich Traun, Mjerumani aliyekuwa ametolewa mapema kwenye mita 800, wakashinda tena. Dhahabu hiyo ni ya nani? Jedwali likashindwa kuamua, likaandika tu “timu mchanganyiko”.

Paris 1900 sina haja ya kukaa nayo sana. Michezo ilitawanywa ndani ya maonesho mengine ya dunia kwa zaidi ya miezi mitano, hata washiriki wengine hawakujua kuwa wako Olimpiki. Margaret Abbott alishinda gofu, akapewa bakuli la kauri, akafariki mwaka 1955 bila kujua kuwa alikuwa bingwa wa Olimpiki.

Sasa linganisha na Moscow. Bayi aliongoza karibu mbio nzima, akiwa amewaacha wenzake mbali, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipomkamata kwenye mzunguko wa mwisho. Malinowski alikuwa tayari na fedha ya Montreal. Nyambui alishindwa na Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyeondoka Moscow na dhahabu mbili. Kuna klabu ya mtaani hapo?

Tena kuna la Montreal 1976. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Bayi, aliyemshinda John Walker wa New Zealand kule Christchurch mwaka 1974 kwa rekodi ya dunia ya mita 1,500, alikosekana. Walker akachukua dhahabu. Sijawahi kusikia mtu akimwambia Walker dhahabu yake ni nyepesi, na sitaki aambiwe.

Najua nitajibiwa kuwa rekodi ni rekodi, haiguswi. Imeguswa mara nyingi. Mwaka 1913 Jim Thorpe, mwanariadha wa Marekani, alinyang'anywa dhahabu zake mbili za Stockholm 1912, akarudishiwa ubingwa nusunusu miaka ya 1980, na mwaka 2022 akatambuliwa tena kuwa bingwa pekee.

Kwa hiyo pendekezo langu ni jepesi: hesabu ya nchi ianze London 1908, ambako washiriki waliandikishwa kupitia kamati za nchi zao. Kabla ya hapo tuwe na orodha ya majina tu: Connolly, Flack, Eyser, Abbott. Marekani itapoteza mamia ya medali na bado itabaki kileleni, wala haitaumia. Watakaolalamika kwa haki ni Wagiriki, maana waliandaa, walijitokeza, na zaidi ya medali 40 kati ya zote walizonazo ni za Athens ile ya kwanza. Hao sijui nitawajibu nini.