Bomu liko Uskoti, urani iko Namtumbo

Naishi Helensburgh, Uskoti. Kutoka hapa hadi kambi ya Faslane ni mwendo mfupi wa gari, na humo ndimo zinamokaa nyambizi nne za Uingereza zenye makombora ya Trident. Tangu 1969 nchi hii haijawahi kukosa nyambizi moja yenye silaha za nyuklia baharini, usiku na mchana. Nikiwasimulia wa nyumbani, baba mdogo wa Uyole hushangilia: "Ndiyo maana wanaheshimiwa, mwanangu. Sisi nani atatuogopa?"

Heshima hiyo ina bei. Mwaka 2016 bunge la London lilipitisha nyambizi mpya kwa kura 472 dhidi ya 117. Bajeti yake pauni bilioni 31, na bilioni 10 za tahadhari. Wabunge 58 kati ya 59 wa Uskoti walikataa. Nyambizi zinakaa kwao vilevile. Mwaka 2021 serikali ikapandisha kikomo cha vichwa vya nyuklia hadi 260, badala ya 180 iliyokuwa imekusudia, kura hakuna.

Vichwa hivyo husafirishwa kwa malori kutoka Burghfield, kusini mwa England, kwa barabara hizihizi tunazopita na watoto. Mbeya tunapiga kelele malori ya mafuta yakishuka mteremko wa Iwambi, na tuna haki. Huku msafara unapita, watu wachache wanasimama na mabango, wengine wanaendelea na chai yao.

Wangeniuliza (hawaulizi), ningeanza na hiyo doria ya usiku na mchana: nyambizi zikae bandarini, na hizo mpya zipunguzwe.

Baba mdogo anasahau kwamba mwaka 1984 Mwalimu, pamoja na viongozi wa India, Sweden, Mexico, Argentina na Ugiriki, aliwataka wenye mabomu waache kuyajaribu na kuyaunda. Tena Afrika Kusini ilikuwa nayo sita, ikayavunja, Rais de Klerk akatangaza 1993. Mkataba wa Pelindaba, unaofanya kazi tangu 2009, unaitangaza Afrika nzima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Kukosa bomu kwetu ni sera, wala si ufukara.

Ila sera hiyo ina mlango wa nyuma. Urani iko Namtumbo, kwa majirani zetu wa Ruvuma, na mwenye mradi wa Mkuju ni Rosatom, shirika la serikali ya Urusi ambalo pia linaunda vichwa vya nyuklia vya nchi hiyo. Kwetu mjadala umekuwa wa mrabaha, ajira na tembo wa Selous. Sawa. Lakini kabla pipa la kwanza halijafika bandarini, wabunge wa Nyanda za Juu Kusini wasimame waulize linakwenda kiwanda gani, na nani atalifuatilia likishavuka bahari.