Mafahali Bora Tunawauza, Kisha Tunalalamikia Ndama

Katika Kanda ya Ziwa, mjadala wa kuboresha ng'ombe huanzia na kuishia mahali pamoja, yaani kwenye mbegu za kutoka nje. Kiongozi akija kuzungumza na wafugaji wa Misungwi, Magu au Kwimba, atasema kwamba ng'ombe wetu ni wadogo, wanachelewa kukua na hawana maziwa, kisha ataahidi uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu kwa mrija, mitamba chotara na madume kutoka Mabuki. Sina ugomvi na ahadi hizo. Shamba la Mabuki limezalisha mitamba kwa miaka mingi, na ng'ombe chotara anayetunzwa vizuri pembezoni mwa jiji la Mwanza anaweza kutoa lita kumi za maziwa kwa siku, wakati ng'ombe wa Kisukuma anayeshinda malishoni humwachia mwenye boma lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani ya ahadi hizo, kwamba ng'ombe wa Kisukuma amekwisha kufanyiwa kila linalowezekana na sasa imethibitika kuwa hafai. Mimi naamini kwamba hajawahi kupewa nafasi. Tumekuwa tukimchagua kinyume, tukiondoa walio bora na kuwaachia walio hafifu kazi ya kuzaa.

Anayetaka kuuona uchaguzi huo aende mnadani. Mchuuzi anayepakia lori la kwenda Pugu, mnada wa Dar es Salaam, hababaishwi na maneno ya mwenye mali. Anaminya nundu kuona kama imejaa, anapitisha kiganja mgongoni kutoka nunduni hadi kwenye nyonga, anatazama upana wa mapaja kwa nyuma, kisha ndipo anataja bei. Dume la miaka miwili lenye kifua kipana na manyoya ya kung'aa halikai mnadani muda mrefu. Wenzake wenye umri uleule, wenye mbavu za kuhesabika na nyonga zilizochongoka, hurudi nyumbani jioni kwa sababu hakuna aliyefika bei, na huko nyumbani ndiko kuliko na majike. Mfugaji hakukusudia kuwafanya kuwa madume ya mbegu, lakini mnada umeshamfanyia uamuzi.

Mlango wa pili ni plau. Msukuma anayelima pamba, mpunga au mahindi kwa maksai hachagui dume dhaifu la kuvuta jembe; anachagua lile refu, lenye miguu imara na tabia ya utulivu, analihasi, na kuanzia hapo nguvu zake zinatumika shambani lakini hazirithiwi na yeyote. Ni jambo la busara kabisa kwa mwenye shamba, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Hata hivyo, ukijumlisha bucha na plau, utaona kwamba wanyama wenye sifa tunazozililia ndio wanaotangulia kuondoka, huku dume lililobaki likipanda majike ya boma lake na ya jirani katika malisho ya pamoja, pengine miaka miwili au mitatu kabla mtu hajalitazama kwa makini.

Hesabu ya hasara hii si ngumu. Wataalamu wa uzalishaji wa mifugo hukadiria kwamba takriban theluthi moja ya tofauti za ukuaji kati ya ng'ombe wa kundi moja hutokana na urithi, na sehemu iliyobaki hutokana na malisho, magonjwa na matunzo. Tuchukulie kwa mfano tu kwamba madume yanayobaki kuzalisha yako chini ya wastani wa wenzao kwa kilo 30. Theluthi yake ni kilo 10, na kwa kuwa ndama hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba, kizazi kinachofuata kinashuka kwa kilo 5. Hakuna atakayeiona kilo 5 kwa macho katika mwaka wa ukame. Lakini mfugaji ambaye baba yake na babu yake walichunga kwa utaratibu huohuo asishangae anapoambiwa kwamba ng'ombe wa zamani walikuwa wakubwa kuliko hawa. Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa inatupa tumaini, kwa maana dume lililo juu ya wastani kwa kilo 30 lingepandisha kizazi kwa kiasi kilekile, bila mtungi wa naitrojeni wa kugandishia mbegu, bila kusubiri mtaalamu mwenye pikipiki, na bila kumbadilisha mnyama awe mgeni katika nchi yake.

Uchaguzi, hata hivyo, hauwezekani mahali ambapo wanyama wote wanafanana. Hapa ndipo ninapoona kwamba tumekalia mali bila kujua. Ng'ombe tunaowaita wa asili wana historia ndefu ya kuchanganyika: vinasaba vinavyorithiwa kwa mama pekee vinaonyesha kwamba karibu wote wanatoka kwa ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu, ilhali kwa upande wa madume wengi wana asili ya ng'ombe wenye nundu waliofugwa kwanza katika bonde la mto Indus na kuletwa Afrika baadaye. Kisha ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe, katika miaka ya 1890, ikafyeka mifugo ya Afrika Mashariki na kuwaacha hai wachache ambao makundi ya leo yametokana nao. Serikali na watafiti huwaweka ng'ombe wafupi wa pembe fupi wa Tanzania katika kapu moja, lakini ndani yake kuna wa Kisukuma, wa Kigogo, wa Kimasai, wa Tarime, wa Mbulu, mweupe wa Singida na mwekundu wa Iringa, na ukivuka kwenda Kagera unawakuta Ankole wenye pembe ndefu, ambao ni wa ukoo mwingine. Hata desturi zetu zimesaidia kuhifadhi utajiri huo. Ng'ombe wa mahari wanapotoka Ngudu kwenda Sengerema, au mtu anapomwekesha ndugu yake majike kumi ili ukame au ugonjwa usimmalize kwa pigo moja, damu mpya inaingia katika boma ambalo lingejifunga. Sijui kama kuna mradi wa serikali uliowahi kusambaza madume kwa upana wa mahari.

Ndani ya tofauti hizo mna vitu ambavyo havionekani kwa kuminya nundu. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa masikio, humuua ng'ombe wa kigeni asiyeogeshwa kwa majuma machache, ilhali ndama wengi wa asili waliozaliwa kwenye maeneo yenye ugonjwa huugua na kupona. Mwaka 2022 watafiti wa Nairobi na Edinburgh walitangaza kwamba, katika ukoo mmoja wa ng'ombe wa Boran, wamebaini eneo la vinasaba linalohusiana na uwezo wa kustahimili ugonjwa huo. Kilichonigusa katika habari hiyo ni kwamba sifa hiyo haikuletwa na mtu yeyote. Ilikuwamo, ikipita kutoka kwa mzazi hadi kwa ndama, bila kumbukumbu, na ingeweza kupotea vilevile kama ukoo ule ungechinjwa. Kondoo wa Kimasai walipata mkasa wa namna hiyo kuanzia miaka ya 1970, pale wafugaji wengi walipowapandisha kwa madume ya Dorper ili wapate miili mikubwa, na wataalamu walipokuja kuthibitisha ubora wa kondoo hao wekundu katika kustahimili minyoo, kupata kundi safi lisilochanganywa kulikuwa kumeshakuwa kazi.

Wapo watakaoniambia kwamba Wazungu wamefika walipo kwa kuchagua mbari moja na kuikazia. Ni kweli, na tuitazame kazi yao kwa ukamilifu. Ng'ombe wa Holstein wa Marekani ndiye bingwa wa maziwa duniani, na ubingwa huo umetokana na kumbukumbu za maziwa zilizowekwa kwa miongo mingi. Lakini madume yanayotumika leo kwa uhimilishaji katika mbari hiyo, karibu yote, yanarudi kwa upande wa baba kwa madume mawili tu yaliyozaliwa miaka ya 1960: Pawnee Farm Arlinda Chief na Round Oak Rag Apple Elevation. Chief aliwapa binti zake maziwa mengi, na pamoja na maziwa akawapa kasoro moja ya vinasaba ambayo, ndama akiirithi kwa wazazi wote wawili, mimba huharibika. Ilipogunduliwa, ilikadiriwa kwamba imesababisha mimba kama 500,000 kutoka, na hasara ya dola milioni 420 hivi, ingawa faida ya maziwa yaliyoongezeka ilihesabiwa kwa mabilioni. Kadiri maziwa yalivyopanda, uwezo wa majike kushika mimba ulishuka pia, kwa kuwa hakuna aliyeuchagua. Wamarekani waliweza kuigundua kasoro hiyo na kuanza kuiondoa kwa sababu wanajua kila ndama ni mtoto wa nani. Sisi tunanunua mrija wa mbegu bila kuandika popote jina la dume, na binti akikua tunampandisha kwa mrija mwingine ambao huenda ni wa dume lilelile. Baba akipanda binti yake, robo ya vinasaba vya ndama, kwa wastani, huwa ni jozi za nakala moja iliyorudiwa, na hapo ndipo kasoro zilizojificha hujitokeza.

Suala la uchotara nalo lina mtego ambao huzungumzwa kidogo mno. Ng'ombe wa kizazi cha kwanza, aliyezaliwa na jike wa Kisukuma kwa mbegu ya Friesian au Ayrshire, huwa na nguvu ya pekee inayotokana na kukutana kwa damu mbili zilizo mbali, na ndiye anayewavutia majirani. Machotara wawili wakipandana wenyewe kwa wenyewe, nusu ya nguvu hiyo hupotea. Na mfugaji akiendelea kuongeza damu ya kigeni hadi robo tatu na zaidi, anapata mnyama anayedai malisho, dawa na kivuli ambavyo boma la Kwimba halina. Watafiti wa Mpwapwa, Dodoma, walijaribu kulitatua hilo katikati ya karne iliyopita kwa kuwachanganya Sahiwal, Red Sindhi, Boran, Ankole, Ayrshire na ng'ombe wetu wafupi, kisha kuuchagua mchanganyiko huo hadi ukawa mbari yenye jina la mji wao. Ilikuwa kazi ya subira na ya kitaalamu, na tulipaswa kuiendeleza kwa bidii kuliko tulivyofanya.

Kuku sitawazungumzia sana, ingawa nao wanastahili makala yao. Itoshe kusema kwamba kuku wa kisasa wa Kuroiler na Sasso wamefika hadi visiwani Ukerewe, na mama anayewapokea anapata mayai na nyama mapema. Lakini jogoo wa kuchi aliyesimama kama askari, na kishingo ambaye shingo yake tupu humsaidia kupoteza joto, ni wanyama ambao hakuna kituo cha vifaranga kitakachotuuzia tena tukiwamaliza.

Kwa watu wa mwambao wa ziwa, samaki wanapaswa kutufanya tuwe waangalifu zaidi. Sato na sangara walipandikizwa Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20, na ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo cha wazee wetu, sasa anatafutwa zaidi katika maziwa madogo ya pembeni kuliko katika ziwa lenyewe. Leo vizimba vya sato vinaongezeka kwenye ghuba zetu. Vifaranga vyake vinatoka kwa wazazi waliowekwa kwenye mabwawa ya kuzalishia, na swali la kuwauliza wazalishaji ni wazazi wangapi, kutoka wapi, na hubadilishwa lini. Samaki huzaa vifaranga kwa mamia, kwa hiyo wazazi wachache wanaweza kujaza vizimba vingi mno kwa ndugu wa tumbo moja, na kizimba kikichanika ndugu hao wanaingia ziwani.

Narudi kwa ng'ombe, maana hapo ndipo pana jambo la kufanya mwaka huu. Hesabu moja inatosha kuonyesha kwa nini dume moja bora halitoshi: boma lililojifunga lenye fahali 1 na majike 40, kwa upande wa urithi, ni sawa na kundi la wanyama wanne tu, kwa kuwa nusu ya urithi wote hutoka kwa fahali huyo mmoja, wakati kiwango ambacho FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, imekuwa ikikitaja kama cha chini ni wanyama 50 kwa hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo kijiji kinahitaji madume kadhaa, yasiyo ya mama mmoja wala baba mmoja, yanayohamishwa kutoka boma moja hadi jingine kila baada ya miaka miwili au mitatu, kabla binti zao hawajafikia kupandwa.

Mahali pa kuanzia ni kwenye josho. Siku ya kuogesha, ng'ombe wote wa kitongoji wanapita kwenye njia moja nyembamba, mmoja baada ya mwingine, mbele ya bwana mifugo mwenye daftari. Kamba ya kupimia kifua inatosha kukadiria uzito. Umri unajulikana kwa meno. Na mama wa dume, amezaa mara ngapi na aliwahi kuugua nini, anajulikana kwa mchungaji, ambaye ndiye kitabu chetu cha ukoo kwa sasa. Madume bora ya umri wa mwaka mmoja na nusu yatiwe alama, na hafifu yahasiwe mapema badala ya kuachwa yakizurura na majike. Ugumu uko kwenye fedha, kwa sababu mwenye dume zuri ana ada ya shule ya kulipa mwezi Januari, na mchuuzi ana noti mkononi. Hapo ndipo ningependa sehemu ya ushuru ambao halmashauri inakusanya mnadani irudi, imlipe mfugaji bei ileile ambayo bucha lingempa, dume libaki kijijini kwa misimu miwili mitatu, kisha liuzwe likiwa limeshaacha ndama. Nimesikia hoja kwamba halmashauri haina bajeti ya kununua ng'ombe. Bajeti ya kununua mirija ya mbegu inapatikana, na ushuru wa kila fahali bora anayepanda lori la Pugu unaingia katika akaunti hiyohiyo.