Ripita ya nyumbani: pesa iende kwenye masikio, siyo kwenye mdomo

Mtu akitaka kufunga nyumbani ripita ya redio ya ridhaa, yaani kituo kinachopokea ishara dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu, swali lake la kwanza huwa ni wati ngapi. Hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Ripita inayorusha wati 50 lakini haisikii redio ya mkononi ya wati 5 iliyoko mtaa wa pili ni kero kwa wote: kila mtu anaisikia, wachache wanaifungua, yaani wanaifanya irushe. Fedha nyingi ziende kwenye dupleksa (kichujio kinachotenganisha kupokea na kurusha), waya na antena. Redio zenyewe zije mwisho.

Ripita hupokea na kurusha kwa wakati mmoja, tena kwa antena moja. Kwenye bendi ya mita 2 masafa ya kupokea na ya kurusha yamepishana kilohezi 600 tu, mathalani megahezi 145.000 ya kupokea na 145.600 ya kurusha. Wati 20 ni dBm 43 (dBm ni kipimo cha nguvu kwa desibeli, kikianzia miliwati moja), na pokezi nzuri husikia hadi karibu dBm -120. Hilo ni pengo la desibeli 163, na dupleksa peke yake inapaswa kuziba kama 80 hivi. Ndiyo maana dupleksa ya mita 2 huwa na mitungi sita, kila mmoja una urefu wa kama nusu mita, na bei yake inauma. Kwa nyumbani, kwa maoni yangu, bendi ya sentimita 70 (karibu megahezi 435) ni chaguo la busara zaidi. Ukiweka pengo la megahezi 5 au 7.6, kisanduku bapa kinachokaa kwenye rafu kinatosha. Utapoteza umbali kidogo kwenye miti na mabonde, lakini utapata ripita inayosikia.

Ripita iliyozibwa masikio na mtambo wake wenyewe wa kurusha ina dalili yake: kituo dhaifu kinaifungua, inarusha, inakuwa kiziwi, inafunga, kisha inasikia tena, na mazungumzo yanakatika vipandevipande. Usikimbilie kufungua dupleksa. Toa antena, weka mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha) mahali pake, pitisha ishara dhaifu, ujaribu tena. Tatizo likiisha, dupleksa haina kosa; kosa liko juu, upande wa antena. Kagua viungio vya waya, kisha mabati. Mabati yenye kutu yanayogusana karibu na antena huzalisha makelele kila mtambo unaporusha, na huku kwetu paa la namna hiyo halikosekani. Inua antena mita tatu au nne juu ya paa.

Waya nao. Waya mwembamba aina ya RG-58 wa mita 20 kwenye megahezi 435 hula takriban desibeli 7, yaani nne ya tano ya nguvu, unaporusha na vilevile unapopokea. Waya mnene wa Heliax wa nusu inchi, urefu uleule, haifiki desibeli 1. Aina nyingine, LMR-400, inasifiwa sana, lakini karatasi yake ya alumini ikisuguana na wavu wa shaba huleta mikwaruzo kwenye kazi ya ripita. Iache kwa matumizi mengine.

Redio ya gari ya wati 50 haikuundwa kurusha mfululizo. Ishushe hadi wati 15 au 20, feni ipulize mapezi yake, na kipima muda kiikate baada ya dakika 3. Weka toni (sauti nzito inayotumwa pamoja na maneno kama ufunguo) kwenye mlango wa kupokea, hezi 88.5 kwa mfano, ili makelele ya chaja za sola na taa za LED yasiifungue.

Umeme ukikatika? Ikivuta ampea 0.5 ikisikiliza na 6 ikirusha, na irushe saa tano kwa siku, inahitaji kama Ah (ampea-saa) 40 kwa siku. Betri ya lithiamu ya Ah 100 inakupa siku mbili.

Leseni ya ripita iulizie mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kabla ya kununua chochote.

Radi ndiyo inayochoma vifaa vingi. Kizuia radi kikae pale waya unapoingia nyumbani, na fimbo ya ardhi ya mlingoti iunganishwe kwa shaba nene na ardhi ya umeme wa nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga itatafuta njia kati ya hizo mbili, na njia hiyo hupita ndani ya redio.