Joka Nimelikubali, Farasi Ndiye Anayenishinda

Watu wengi hudhani kwamba anayehakiki riwaya za sayansi ya kubuni na za fantasia ni mtu mwepesi wa kuamini, ambaye ukimwambia kwamba mlima umeota mabawa atauliza tu umeruka kuelekea upande gani. Ningependa iwe hivyo, kwa kuwa ningekuwa ninalala mapema. Ukweli ni kwamba mimi huyaamini makubwa bila taabu na kukwama kwenye madogo, na madogo hayo ndiyo yanayonizeesha.

Chukueni joka. Joka nimelikubali tangu ukurasa wa kwanza, wala sijalidai cheti cha kuzaliwa. Ninajua fika kwamba haliwezekani, kwani tangu mwaka 1638 Galileo alikwisha kueleza kwamba mnyama akikuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake huongezeka mara nane, ilhali uwezo wa mifupa inayoubeba uzito huo huongezeka mara nne tu. Kwa hiyo mnyama mwenye ukubwa wa jumba angevunjika miguu kabla hajawaza kuruka. Hayo yote ninayaweka kando kwa hiari yangu, kwa sababu mwandishi ameniomba nimkubalie jambo moja lisilowezekana, nami nimemkubalia. Lakini shujaa anapompanda farasi wake jioni, akamkimbiza usiku kucha kwa kasi ya mshale, akavuka jangwa zima na kuwasili alfajiri huku farasi angali akirusha shingo kwa madaha, hapo ndipo ninapokilaza kitabu kifuani na kuanza kuitazama dari. Farasi hawezi kukimbia kwa kasi yake yote zaidi ya kilomita chache, na kwa siku huhitaji maji yasiyopungua lita 20, au zaidi kukiwa na joto. Ni nani aliyembebea maji hayo? Ndoo iko wapi? Farasi huyu hali, hanywi, hachechemei wala hadondoshi kinyesi, na hakuna mahali popote ambapo mwandishi amesema kwamba naye ni wa kimuujiza. Angesema, ningeamini. Sentensi moja tu ingetosha, tena fupi.

Mke wangu amekwisha kuzoea kuniona nikipiga hesabu za maji kwa penseli kwenye pambizo za kitabu wakati wenzangu wamelala. Huniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "Baba watoto, humo ndani si kuna joka linaloongea?" Ninamjibu kwamba joka halina neno, tatizo ni farasi. Hugeukia ukutani bila kuongeza kitu, na mimi hubaki peke yangu na lita zangu.

Uchawi nao una mambo yake. Katika sura ya nne mzee mwenye ndevu anamfufua mfalme aliyekatwa kichwa, tena kwa kumwekea majani matatu na kunong'ona maneno mawili. Nimeridhika, nimesonga mbele. Tukifika katikati ya kitabu, mama wa shujaa anafariki kwa homa, watu wote wanalia kurasa nzima, na yule mzee amesimama pale pale mlangoni, mkoba wa majani ukiwa begani, naye anafuta machozi! Hakuna hata mmoja anayemgeukia na kumwuliza kulikoni. Mimi ninalia pia, ila kwa sababu nyingine. Mwandishi aliyejenga uchawi usio na gharama wala mipaka amejinyang'anya mwenyewe kila hofu na kila msiba, kwa maana msomaji mwenye kumbukumbu ya wastani hataacha kuuliza ni kwa nini majani yale hayatumiki.

Huko angani hali ni ile ile. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa takriban miaka ya nuru 4.2. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na kinachokwenda kwa kasi ya takriban kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuvuka umbali kama huo. Kwa hiyo mwandishi anaponiletea injini inayopita kasi ya nuru, huwa sibishani naye. La sivyo wahusika wake wangekufa kwa uzee kabla ya kumaliza dibaji. Hata ile milipuko inayosikika angani mahali pasipo na hewa ya kupitisha sauti nimeacha kuilalamikia, kwa kuwa nimechoka kuwa mtu yule wa kulalamikia kila kitu. Ninachoshindwa kumeza ni kijana aliye Mirihi anapogombana na mchumba wake aliye Duniani, wakikatizana maneno papo kwa papo, ilhali mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika tatu na dakika 22 kufika upande mmoja, kutegemea sayari hizo mbili zimekaribiana au zimeachana kiasi gani. Na hebu fikirini alichokitupa mwandishi huyo! Ugomvi wa wapenzi ambao kila tusi linasafiri robo saa, mtumaji akaanza kulijutia lingali njiani, na msamaha ukalifuata nyuma bila uwezo wa kulipita: riwaya nzima ilikuwa imelala hapo, naye ameipita ili awahi vita vya roboti.

Kisha kuna unene. Tuzo ya Hugo ya vitabu vya fani hii, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1953, huihesabu kazi kuwa riwaya ikiwa imefikia maneno 40,000. Katika vitabu ninavyoletewa siku hizi, maneno 40,000 yanapokwisha shujaa bado hajatoka kijijini kwao. Bado anaagana na mfua chuma, na mfua chuma bado anasimulia asili ya nyundo. Mtu akisoma chali kitandani, kama nisomavyo mimi, usingizi ukamchukua na kitabu kikamwangukia puani, daktari atakayemtibu atataka kujua amepigwa na nani.

Unene huo haukai katika juzuu moja, bali lazima ziwe tatu. Desturi hiyo imeshikwa kana kwamba imeteremshwa, ingawa chanzo chake kikubwa ni karatasi. Tolkien, mwandishi wa fantasia, aliiandika kazi yake kubwa, The Lord of the Rings, akiitazama kuwa kitabu kimoja. Ni mchapishaji aliyeigawa na kuitoa kwa mafungu matatu kati ya mwaka 1954 na 1955, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili karatasi ilikuwa ghali na kitabu kizima kingekuwa hasara ya kutisha endapo kisingenunuliwa. Yaani mtu alibana matumizi, na vizazi vilivyofuata vikaigeuza bana-matumizi yake kuwa sheria ya sanaa. Na tatu siku hizi ni kiasi. Robert Jordan alianza mfululizo wake wa fantasia, The Wheel of Time, mwaka 1990, akafariki mwaka 2007 ukiwa haujaisha, na ikabidi mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, auendeleze hadi juzuu la 14 lililotoka mwaka 2013. Yupo mwingine aliye hai, ambaye sitamtaja kwa kuwa mashabiki wake wana majeraha ya kutosha, aliyetoa juzuu la kwanza mwaka 1996 na la tano mwaka 2011, na la sita linasubiriwa hadi leo. Sasa mimi ninayeombwa kuhakiki juzuu la kwanza niseme nini? Kila dosari ninayoionyesha, ninajibiwa kwamba itaelezwa mbele ya safari. Yule farasi, pengine, atakunywa maji katika juzuu la tano.

Ningeweza kuvumilia unene kama ungekuwa wa lazima, lakini sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba si wa lazima. Mwaka 1951 Shaaban Robert aliitundika nchi nzima angani katika Kusadikika, akaipa baraza, mashtaka, magereza na wajumbe sita waliotumwa pande zote, juu na chini zikiwemo, wakarudi na habari za maana na kutupwa kifungoni kwa shukrani. Yote hayo yamo katika kitabu chembamba kinachoingia mfukoni, bila ramani, bila faharasa ya majina, bila ukoo wa wafalme uliochorwa kama mizizi ya mkoko. Wajumbe wenyewe wana majina yanayotamkika. Hawa wa kwangu huitwa Xh'raal na Vyq'thuun, na alama ile katikati ya jina hakuna aliyewahi kunieleza kama ni ya kukohoa au ya kupumzikia.

Tuseme basi kwamba nimekimaliza kitabu, pua imepona, na ninaketi kuandika. Hapo inaanza adha ya pili, kwani mhakiki ameamriwa akieleze kitabu bila kusema kilichomo. Nikitaja kwamba mjomba alikufa, nimewaharibia watu uhondo. Nikitaja kwamba mjomba hakufa, nimewaharibia zaidi. Na nikinyamaza kabisa kuhusu mjomba, yupo mwerevu atakayegundua kwamba kunyamaza kwangu si bure. Matokeo yake ninaandika aya ndefu zinazosema kwamba mhusika fulani anakutana na jambo fulani linalobadilisha uhusiano wake na mtu fulani, kisha ninalaumiwa kwa kuandika kijuujuu.

Nyota ndizo balaa kamili. Kwangu mimi nyota tatu kati ya tano maana yake ni kitabu kizuri ambacho sijutii muda niliokipa. Kwa mwandishi, nyota tatu ni matusi ya nguoni. Kwa mashabiki wake ni tangazo la vita, nao hunijia kwa hoja ile ile moja: kwamba hiki ni kisa cha kubuni, kina majoka, hivyo lolote laweza kutokea ndani yake. Sikubaliani nao hata kidogo. Kadiri kisa kinavyokwenda mbali na ulimwengu tunaoujua ndivyo kinavyohitaji maji ya kweli, njaa ya kweli na uchovu wa kweli, ili msomaji awe na mahali pa kukanyaga anapolitazama lile joka.

Upande wa pili wananingoja ndugu na jamaa, ambao wanataka kujua lini nitaacha vitabu vya watoto na kusoma vya watu wazima. Huwajibu kwamba Mary Shelley alianza kuiandika Frankenstein, riwaya ya mtu aliyeunda kiumbe hai kikamgeuka, akiwa na miaka 18, ikachapishwa mwaka 1818, na hadi leo wakubwa wenye shahada wanapohofia kilichoundwa na mwanadamu wanalikimbilia jina hilo hilo. Wakinikumbusha kwamba vingi katika vitabu hivi ni takataka, ninakubali mara moja, kwa kuwa Theodore Sturgeon, mwandishi wa fani hiyo hiyo, alikwisha kusema kwamba asilimia 90 ya bunilizi za kisayansi ni takataka kwa sababu asilimia 90 ya kila kitu ni takataka. Alichosahau kusema ni kwamba ile 90 huletewa mhakiki, na ile kumi hununuliwa na watu wengine.

Mwenye kunisumbua kuliko wote ni shemeji yangu, ambaye hana muda wa kusoma lakini hupenda kushauriwa. Alinitaka nimtafutie kitabu cha fantasia kisicho na majoka, kisicho na uchawi wala vyombo vya angani, kisicho na majina ya kuvunja ulimi, na zaidi ya yote kiwe kifupi na kiishe. Nilimpa Kusadikika. Alikisoma kwa siku mbili, akakirudisha kwa heshima akiwa amekifunga gazeti, akakisifu kwa maneno ambayo ningeona fahari kuyaandika mwenyewe, na alipofika mlangoni akageuka kuniuliza juzuu la pili linatoka lini.