Neno moja lilifunika mhadhara mzima

Tarehe 7 Februari 2008, Rowan Williams, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Anglikana, alihojiwa na redio ya BBC kabla ya kutoa mhadhara wake jijini London. Alipoulizwa kuhusu sharia, akajibu kwamba kutambuliwa kwa baadhi ya vipengele vyake Uingereza kunaonekana hakuepukiki. Jioni alipopanda jukwaani, nchi ilikuwa imeshawaka. Msemaji wa Waziri Mkuu Gordon Brown akamkana, gazeti la The Sun likaendesha kampeni dhidi yake, na hata ndani ya Kanisa lake wakajitokeza waliotaka ajiuzulu.

Nimeusoma mhadhara ule. Ni mgumu kweli, lakini humo hakuna anayetetea viboko wala kukata mikono. Unazungumzia ndoa, ugomvi wa mali, na watu wanaokubaliana kupeleka shauri lao kwa wazee wa dini yao, kama Wayahudi wa Uingereza wanavyofanya siku zote katika Beth Din, mahakama yao ya kidini. Na anaweka mpaka: hakuna baraza la dini linaloweza kumnyang'anya mtu haki ambazo raia wengine wanazo. Waliomzomea walipaswa kuanzia hapo.

Tena Waingereza hawahawa, walipotawala Zanzibar na mwambao wa Kenya, waliziacha mahakama za kadhi ziendelee kuamua kwa sharia mambo ya ndoa na mirathi. Leo neno lilelile likitamkwa London, linakuwa tishio.

Askofu naye alikosea. Kiongozi wa dini hawezi kulitupa neno zito namna hiyo redioni akategemea watu wasubiri ufafanuzi wa jioni. Siku nne baadaye, mbele ya Sinodi Kuu, baraza kuu la Kanisa lake, alikiri kwamba dosari ya maneno yake ni mzigo wake mwenyewe. Namheshimu kwa hilo.

Lakini kuna neno jingine ambalo nilitamani abanwe nalo, nalo ni hiari. Mwanamke ambaye ukoo mzima unamwambia talaka ya serikali haitoshi, kwamba mbele ya Mungu bado ni mke wa mtu, anakwenda kwa masheikh kwa hiari ya namna gani? Akikataa, atarudi kuishi wapi, na nani atamsalimia? Hilo ndilo swali lililostahili wiki nzima ya mjadala. Badala yake wiki ile ikaishia kwenye kelele za kumng'oa askofu, na mwanamke huyo hakutajwa kabisa na wengi wa waliodai kumtetea.

Yupo, na si mmoja. Jopo lililoundwa na serikali na kuongozwa na Profesa Mona Siddiqui liliripoti mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanaoyaendea mabaraza ya sharia ya England na Wales ni wanawake wanaotafuta talaka. Wengi ndoa zao hazikusajiliwa serikalini, ndiyo maana jopo likashauri sheria ibadilishwe ili ndoa ya kiserikali ifungwe kabla ya ile ya Kiislamu au pamoja nayo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba ndoa ya kidini peke yake, isiyofuata taratibu za sheria, haihesabiwi kisheria hata kuwa ndoa batili; ni kama haikufungwa. Kwa hiyo mke wa ndoa hiyo akiachwa leo, hana mgawo wa mali wa mtalaka wa kudai mahakamani.