Gharama za mwanamuziki: huku daftari linatosha, nyumbani Kenya wanataka ankara ya eTIMS

Wanamuziki wenzangu mlioko Pwani na Nairobi, haya ni maoni yangu tu, mkitaka kunirushia mawe karibuni.

Huku Marekani mpiga gitaa anayejitegemea anajaza fomu ya kodi inaitwa Schedule C, unaandika hela zote za gigi halafu unatoa gharama zako kabla ya kukatwa kodi, nyuzi, maiki, fundi, kukodi studio, programu ya kurekodi. Kifaa kisichozidi dola 2,500 unaweza kuchagua kukitoa chote mwaka huo huo. Gari la kwenda gigi kwa 2025 ilikuwa senti 70 kila maili, ila hapo wakali kweli, lazima uwe umeandika tarehe, umeenda wapi na kazi gani. Suti nyeusi nayo sahau, nguo unayoweza kuvaa mtaani hawaihesabu.

Kilichonishangaza ni kesi ya 1930 ya George M. Cohan, mtunzi na mwigizaji wa Broadway, jamaa alimwaga pesa kwa safari na kukirimu watu na hakuweka rekodi, watu wa kodi wakamkatalia zote, mahakama ya rufaa ikasema hapana, ni wazi alitumia kitu, kadirieni hata kama kadirio litambana yeye kwa uzembe wake. Baadaye sheria ilikazwa kwa safari na kukirimu watu lakini kwa vitu kama nyuzi na betri hoja hiyo bado ina nguvu.

Sasa nyumbani. Sheria yetu nayo inaruhusu kutoa gharama za kazi (yule wa TOT, kodi ya mauzo ya biashara ndogo, ni habari nyingine, pale hutoi chochote), shida ni kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi KRA, kwa kawaida haihesabiwi. Haya niambieni, ampu unainunua wapi? Kwa mwenzako anayeacha bendi, unamtumia M-Pesa mnamalizana hapo hapo. Spika zinabebwa na tuktuk, kibodi inatengenezwa na fundi wa kibandani, nani hapo atakupa ankara? Najua mwishoni mwa 2024 waliweka njia ya mnunuzi kujitolea ankara mwenyewe kama muuzaji ni mdogo, mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, ila sasa mshawishi mtu anayekuuzia ampu usiku baada ya shoo aingie kwenye mfumo wa KRA, atakuona wewe mpelelezi.

Na ujumbe wa M-Pesa una jina, saa, tarehe na kiasi, yaani ni ushahidi mzito kuliko daftari langu la maili ambalo huku linakubalika. Kwa gharama ndogo ndogo KRA wangekubali huo tu.

Msidhani huku ni peponi. Aliyejiajiri analipa asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare (mafao ya uzeeni na matibabu) juu ya kodi ya mapato, na aliyeajiriwa na okestra tangu 2018 hatoi gharama zake kwenye kodi ya taifa, labda awe msanii wa kipato kisichozidi dola 16,000, kiwango kilichowekwa 1986 na hakijaguswa, kichekesho.

Lakini vyama vyetu nyumbani kila siku ni vita vya mirabaha, mirabaha, za gharama hakuna anayezungumzia na ndiko pesa inakoishia.